Kumbukumbu Ipi Itataja Kijiji? Ulinganisho kwa Anayemtafuta Babu Mhamiaji wa Kijerumani

Mtu anayejua kwamba babu wa babu yake alitoka Ujerumani akaenda kuishi Pennsylvania, Wisconsin au Texas bado hajapata jambo la kumfikisha kwenye hifadhi yoyote ya nyaraka ya Kijerumani. Ujerumani haina faharasa moja ya taifa zima inayoonyesha nani alizaliwa wapi. Ubatizo, ndoa na mazishi viliandikwa parokia kwa parokia na usharika kwa usharika, na nyaraka za serikali zilitunzwa na falme na tawala ndogo ndogo zilizokuwepo kabla nchi hiyo haijaunganishwa Januari 1871. Kwa hiyo, kabla ya kuulizia gharama ya waraka au urahisi wa kuupata, kuna swali moja linalopaswa kutangulia: je, waraka wa aina hii una kawaida ya kutaja kijiji?

Ulinganisho huu unafuata swali hilo, na unawahusu hasa waliovuka bahari ya Atlantiki kwenda Marekani katika karne ya 19. Hao walizidi milioni 5, na katika mwaka wa kilele, 1882, waliingia karibu watu 250,000. Niseme msimamo wangu mapema: watafutaji wengi huanza na orodha za abiria wa meli, na kwa familia nyingi huo ni mwanzo unaochosha bila kuzaa matunda. Kumbukumbu za kanisa alikosali mhamiaji huko Marekani, ambazo wengi huziacha mpaka mwisho, ndizo zinazostahili kutangulia. Sababu zitaonekana tukizipima aina hizi moja dhidi ya nyingine.

Orodha za abiria

Sheria ya Marekani iliyopitishwa 1819 iliwataka manahodha wakabidhi orodha ya abiria wao kwa maofisa wa forodha, na kuanzia 1820 orodha hizo zipo kwa bandari kubwa kama New York, Baltimore, Philadelphia na New Orleans. Nyingi zimepigwa picha na kuwekewa faharasa mtandaoni, na urahisi huo ndio unaowavuta watu. Ukiutazama kwa karibu ukurasa wa kawaida wa miaka ya 1850 utakuta jina, umri, jinsia, kazi, nchi anayotoka mtu na nchi anayokwenda. Katika safu ya nchi anayotoka, karani huandika Ujerumani au Prusia kwenye mstari wa juu, kisha huteremsha alama za kurudia mpaka chini ya ukurasa, zikiwakumba hata abiria ambao huenda walitoka Baden au Uswisi. Umri mara nyingi umekadiriwa, na majina ya watoto yamefupishwa. Waraka kama huo husaidia kupata tarehe ya kuwasili na jina la meli, na hayo yana thamani yake, lakini haumpeleki mtu kwenye mlango wa kanisa lolote la Ujerumani.

Hali ni nyingine kwa waliofika baadaye. Kuanzia 1893 fomu ziliongeza mahali abiria alipokuwa akiishi kabla ya safari, na kuanzia 1907 zikadai pia jina na anwani ya ndugu wa karibu aliyebaki nyumbani. Kwa aliyewasili 1909, basi, orodha ya Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji bandarini New York, ni chaguo la kwanza bila shaka; kwa aliyepitia Castle Garden, kituo kilichoitangulia Ellis Island, 1867, ni chaguo la tatu au la nne. Ifahamike pia kwamba dhana iliyoenea kuwa makarani wa Ellis Island waliwabadilishia watu majina haina msingi. Makarani hao walifanya kazi kwa kufuata orodha zilizokwisha kuandaliwa na kampuni za meli, na Müller aligeuka Miller, au Zimmermann akawa Carpenter, baadaye, katika maisha ya kila siku ya Marekani. Katika orodha za meli, mtafute mtu kwa jina lake la Kijerumani.

Orodha zilizoandikwa kwenye bandari ya kuondokea ni habari tofauti, na hapa bandari ndiyo inayoamua kila kitu. Hamburg imehifadhi orodha zake kuanzia 1850 hadi 1934, zikiwa na pengo la miaka ya Vita Kuu ya Kwanza. Nyaraka zenyewe zipo Staatsarchiv Hamburg, yaani hifadhi ya nyaraka ya jiji hilo, na picha pamoja na faharasa zake zinapatikana kupitia Ancestry, tovuti ya utafiti wa nasaba. Zina safu ya mahali abiria alikotoka, na karani wa Hamburg, aliyeyazoea majina ya vijiji vya Kijerumani, aliyaandika vizuri kuliko mwenzake wa New York. Kuna seti mbili, na ni lazima zote mbili zipekuliwe: ya waliosafiri moja kwa moja, na ya waliopitia kwanza nchi nyingine, kwa kawaida Uingereza, ambako walishuka Hull na kuvuka kwa treni mpaka Liverpool. Seti hii ya pili, ya kuanzia 1854 hadi 1910, husahaulika sana, ingawa nauli ya njia hiyo mara nyingi ilikuwa nafuu na maskini wengi waliichagua. Tahadhari iliyopo ni kwamba mahali palipoandikwa huenda pakawa makazi ya mwisho tu. Kijana aliyekuwa ametumikia Berlin kwa miaka kadhaa ataonekana kama mtu wa Berlin, na mtu wa kitongoji kidogo huenda alitaja mji wa jirani unaojulikana.

Bremen ndiyo bandari iliyobeba wahamiaji wengi zaidi kwa sehemu kubwa ya karne hiyo, na ndiyo inayosikitisha kuliko zote. Amri ya mwaka 1832 iliwataka wenye meli watunze orodha za abiria, kwa hiyo orodha ziliandikwa. Lakini kati ya 1875 na 1908 ofisi husika iliziharibu zote zilizopitisha umri wa miaka michache, na karibu zote zilizosalia zilipotea katika Vita Kuu ya Pili. Zimebaki orodha 2,953 tu, za kati ya 1920 na 1939, ambazo zimewekwa mtandaoni kwa juhudi za chama cha utafiti wa nasaba cha huko kiitwacho Die Maus. Kwa hiyo mtu ambaye familia yake inakumbuka kwamba babu alipandia meli Bremen mwaka 1868 asimlipe yeyote amtafutie orodha ya kuondoka. Haipo, na anayeahidi kuipata anauza hewa.

Wajerumani wa kusini-magharibi, wa Baden, Pfalz na maeneo jirani, mara nyingi walishuka mpaka Le Havre nchini Ufaransa, ambako meli zilizoleta pamba kutoka New Orleans zilirudi zikiwa zimejaza watu. Kama familia ilianzia maisha Louisiana au ikapanda mto Mississippi mpaka St. Louis, njia hiyo inafaa kufikiriwa, na utafutaji wa Hamburg unaweza kuahirishwa. Kwa upande mwingine, mtu wa Mecklenburg au Pommern ana uwezekano mzuri wa kuonekana Hamburg, na kwake yeye orodha hizo ziwekwe juu zaidi katika mpangilio wa kazi.

Kanisa alikosali baada ya kufika

Kama ningeruhusiwa aina moja tu ya kumbukumbu kwa mhamiaji aliyefika kati ya 1840 na 1890, ningechagua rejista za usharika wa Kijerumani alikobatizia watoto wake na alikozikwa. Mchungaji au padre wa usharika kama huo mara nyingi alikuwa mzaliwa wa Ujerumani mwenyewe, aliandika kwa Kijerumani, na alifuata desturi ya kwao, ambako mtu hutambulishwa kwa jina lake pamoja na kijiji chake. Katika rejista nzuri ya mazishi ya Kilutheri utakuta tarehe ya kuzaliwa na mahali, mwaka wa kuhamia Marekani, jina la mwenzi na tarehe ya ndoa, idadi ya watoto walio hai, na hata andiko lililohubiriwa siku ya maziko. Rejista ya ndoa ya Kikatoliki nayo hutaja wazazi wa bwana na bibi harusi, na wakati mwingine parokia walikobatizwa. Mstari mmoja wa namna hiyo unazidi kurasa mia za forodha.

Ugumu wake upo katika kuupata usharika wenyewe. Mtafutaji anapaswa kwanza kujua familia ilikuwa ya dhehebu gani, na kisha ni kanisa lipi kati ya mengi ya mji huo. Cheti cha ndoa cha serikali ya kaunti hutoa jina la mchungaji aliyefungisha ndoa, na kitabu cha anwani za mji cha mwaka huo humwonyesha mchungaji huyo alikuwa wa kanisa gani. Rejista za sharika zilizofungwa au kuungana zimekusanywa katika hifadhi za madhehebu: kwa Walutheri wa Sinodi ya Missouri, Concordia Historical Institute huko St. Louis ni mahali pa kuanzia, na kwa Wakatoliki ni ofisi ya nyaraka ya dayosisi. Rejista nyingine bado zipo kwenye kabati la kanisa lenyewe, na anayejibu barua ni mzee wa kanisa anayejitolea, kwa hiyo subira na mchango mdogo kwa kanisa ni sehemu ya kazi. Sharika zilizoendeshwa kwa Kiingereza kwa kawaida hutoa habari chache zaidi.

Sambamba na kanisa kuna tanzia za magazeti ya Kijerumani yaliyochapishwa Marekani. Magazeti hayo yalikuwa mamia, mengi yakiwa ya miji midogo, na tanzia zake zilitaja kijiji kwa sababu wasomaji walitaka kujua marehemu ni mwenzao wa wapi. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mengi mtandaoni bila malipo katika mkusanyiko wa Chronicling America. Kasoro ni kwamba yalichapwa kwa Fraktur, herufi za chapa za Kijerumani za zamani, ambazo kompyuta huzisoma vibaya, hasa inapochanganya s ndefu na f, kiasi kwamba utafutaji kwa jina hushindwa ilhali tanzia ipo. Njia ya uhakika ni kupata kwanza tarehe ya kifo, kisha kusoma matoleo ya wiki mbili zinazofuata ukurasa kwa ukurasa. Gazeti la Kiingereza la mji huohuo, kwa kifo kilekile, mara nyingi litasema tu kwamba marehemu alizaliwa Ujerumani. Mawe ya makaburi pia yasidharauliwe. Kifupisho „geb.” (geboren, yaani alizaliwa) kikifuatwa na tarehe na jina la mahali kimezimaliza safari nyingi za utafutaji mapema.

Kwa wanawake, njia ya kanisa ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu ambayo itaonekana katika sehemu ya uraia. Na pale ambapo mhamiaji mwenyewe hakuacha jina la kijiji popote, rejista ya ubatizo wa watoto wake humtaja mtu mwingine wa kumfuatilia, naye ni msimamizi wa ubatizo. Wanavijiji wa Ujerumani walihama kwa kufuatana, ndugu akimvuta ndugu na jirani akimvuta jirani, na msimamizi wa mtoto wa kwanza aliyezaliwa Marekani mara nyingi alikuwa mtu waliyefahamiana naye tangu nyumbani. Kijiji cha msimamizi huyo, kikipatikana katika tanzia yake, ni mahali pazuri pa kujaribia.

Hati za uraia na sensa

Hapa mwaka ndio unaogawa mambo. Sheria ya msingi ya uraia ilianza kutumika 27 Septemba 1906, ikaweka fomu za aina moja kwa nchi nzima. Baada ya tarehe hiyo, maombi ya uraia hutaja tarehe na mahali pa kuzaliwa, jina la meli na tarehe ya kuwasili, na nakala yake ilipelekwa Washington. Kwa aliyeomba uraia baada ya hapo, hati hii inashindana na orodha ya Ellis Island, na kwa maoni yangu inaishinda, kwa kuwa ilijazwa kwa utulivu na mtu aliyekwisha kuijua lugha ya nchi.

Kabla ya 1906 mtu aliweza kuomba uraia katika mahakama yoyote, ya kaunti, ya jimbo au ya shirikisho, na kila mahakama ilikuwa na fomu yake. Nyingi hazitaji kijiji. Zinachotaja ni mtawala ambaye mwombaji anaukana utii kwake, na hilo ni la maana kuliko linavyoonekana. Anayemkana Mfalme wa Württemberg ametoka eneo dogo lenye kumbukumbu nzuri; anayemkana Mtawala Mkuu wa Hessen amekwisha kutengwa na Hessen-Kassel; anayemkana Mfalme wa Prusia, kwa bahati mbaya, anaweza kutoka popote kati ya mto Rhine na mpaka wa Urusi. Tamko la nia ya kuwa raia, lililotolewa mapema baada ya kufika, wakati mwingine lina habari zaidi kuliko hati ya mwisho, kwa hiyo yote mawili yaombwe. Wake hawakuwa na hati zao wenyewe, kwani mpaka 1922 mke alipata uraia kwa kumfuata mume.

Kuna sababu nyingine inayoweza kuipandisha hati ya uraia juu ya zote, nayo ni pale mtafutaji anapolenga kuomba uraia wa Ujerumani kwa njia ya nasaba. Chini ya sheria ya 1870, Mjerumani aliyekaa nje miaka 10 bila kujiandikisha kwenye ubalozi mdogo alipoteza uraia wake, na utaratibu huo ulikoma sheria mpya ilipoanza kutumika 1 Januari 1914. Kwa mwombaji wa aina hii, tarehe ya kuondoka na tarehe ya kupewa uraia wa Marekani, ikilinganishwa na tarehe ya kuzaliwa kwa mtoto aliyefuata, ina uzito kuliko jina la kijiji.

Sensa ni ya haraka, na ni msaada tu. Zile za 1900 hadi 1930 hutoa mwaka wa kuhamia. Ya 1920 iliwataka wazaliwa wa Ujerumani wataje jimbo au mji, kwa sababu mipaka ilikuwa imebadilika baada ya vita, na baadhi ya makarani walitii. Ya 1890 karibu yote iliharibika kufuatia moto wa Januari 1921.

Vibali vya kuhama

Mpaka hapa tumebaki upande wa Marekani. Upande wa Ujerumani kuna aina moja ya waraka unaoweza kutafutwa hata kabla ya kukijua kijiji, nao ni kibali cha kuhama. Katika tawala nyingi za Kijerumani mtu aliyetaka kuondoka alipaswa kuomba ruhusa, kuonyesha kwamba hana deni wala wajibu wa jeshi, na kuukana uraia wake. Württemberg ilidai hata mdhamini atakayewajibika kwa madeni ya mhamiaji kwa mwaka mmoja. Mafaili hayo hutaja kijiji, umri, familia na mara nyingi mali aliyochukua, kwa hiyo likipatikana moja linatosha. Landesarchiv Baden-Württemberg, hifadhi ya nyaraka ya jimbo hilo, imeweka mtandaoni hazina ya taarifa za wahamiaji wa kusini-magharibi, na inapekuliwa kwa jina bila malipo. Kama hati ya uraia imemtaja mfalme wa Württemberg au mtawala wa Baden, hapa ndipo pa kwenda siku hiyohiyo.

Udhaifu wake ni kwamba wengi waliondoka bila kuaga. Mifano miwili inayojulikana hadharani inaonyesha tofauti hiyo. Levi Strauss, mfanyabiashara wa suruali za dengrizi, alizaliwa 1829 katika kijiji cha Buttenheim, Bavaria, akiitwa Löb, na aliondoka 1847 pamoja na mama yake mjane. Familia ya Kiyahudi katika Bavaria ya wakati ule iliishi chini ya masharti makali ya kuhesabiwa na kuandikishwa, na kuondoka kwa mjane mwenye watoto kulikuwa jambo la kufanyika kwa karatasi. Friedrich Trump, babu wa rais Donald Trump, aliondoka Kallstadt katika Pfalz, iliyokuwa chini ya Bavaria, mwaka 1885 akiwa na miaka 16, bila ruhusa na kabla ya kulitumikia jeshi. Anayemtafuta mtu kama huyo kwenye vibali hatamwona. Alama yake katika nyaraka ilikuja baadaye, aliporudi kutaka kuishi tena nyumbani, na mwaka 1905 serikali ya Bavaria ikamwamuru aondoke kwa sababu ya kukwepa jeshi. Kwa hiyo kwa kijana wa kiume aliyesafiri peke yake akiwa na miaka 16 hadi 20, orodha za waliokosekana kwenye uandikishaji wa jeshi zina matumaini zaidi kuliko vibali. Kwa familia nzima yenye watoto, kibali kina matumaini zaidi.

Kijiji kikishajulikana

Jina la mahali likipatikana, hatua ya kwanza ni kulithibitisha kwenye ramani. Vijiji viitwavyo Neukirchen au Neustadt ni vingi, na jina lililoandikwa na Mmarekani kwa kusikia huchanganya b na p, d na t, g na k. Kamusi ya mahali ya Meyer iliyochapishwa 1912 na 1913, ambayo sasa inapekuliwa bure kwenye tovuti ya MeyersGaz, inaonyesha kila kijiji cha Dola ya Ujerumani, wilaya yake, na kama kilikuwa na kanisa lake au waumini walikwenda kijiji cha jirani. Hilo la mwisho lisiporukwa litaokoa muda mwingi.

Kisha ndipo uchaguzi wa mahali pa kusomea rejista unapokuja, na kwa sehemu kubwa dhehebu linaamua. Kwa Waprotestanti, Archion, tovuti iliyofunguliwa 2015 na hifadhi za makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani, ina picha za maeneo mengi ikiwemo Württemberg, nayo inalipiwa kwa muda wa matumizi. Kwa Wakatoliki, tovuti ya Matricula ni bure, na ina dayosisi kama Passau, Münster na Paderborn. FamilySearch, tovuti nyingine ya nasaba, ni bure pia na ina faharasa za majina, jambo ambalo hizo mbili kwa kawaida hazina, lakini picha zake nyingi za Ujerumani hufunguka tu ukiwa kwenye kituo chao au maktaba shirikishi. Ningeshauri kuanza na faharasa ya FamilySearch ili kupata mwaka na ukurasa, kisha kulipia Archion kwa mwezi mmoja wakati orodha ya mambo ya kutafuta imekwisha kuandaliwa. Mtu anayelipia kwanza na kufikiri baadaye hupoteza siku nyingi akifungua vitabu visivyo vyake.

Aliyetoka Württemberg ana bahati ya pekee. Kuanzia 1808 makanisa ya huko yalitunza rejista ya familia, kila familia ikiwa na ukurasa wake. Juu yupo mume, pamoja na tarehe yake ya kuzaliwa na majina ya wazazi wake. Kando yake yupo mke, kwa mpangilio uleule. Chini wamepangwa watoto wote, na safu za kuzaliwa, kipaimara, ndoa na kifo. Mbele ya jina la mtoto mmoja, pale ambapo safu ya kifo imebaki tupu, mchungaji ameandika maneno mawili, „nach Amerika”, yaani kwenda Amerika, na mwaka. Ukurasa mmoja unatoa vizazi vitatu pamoja na uthibitisho wa kuhama. Sijui kumbukumbu nyingine ya kijiji inayompa mtafutaji mengi namna hiyo kwa mara moja.

Kwa mikoa ya mashariki iliyoingia Poland baada ya 1945, kama Schlesien na sehemu kubwa ya Pommern, rejista zilizonusurika vita zimetawanyika kati ya hifadhi za serikali ya Poland, ambazo zimeweka nyingi mtandaoni bure, na hifadhi za Berlin. Huko mtafutaji akubali mapema kwamba kijiji chake huenda hakina kitabu chochote kilichobaki.

Usajili wa serikali, kwa kulinganisha, ni mpya. Prusia iliuanza 1 Oktoba 1874 na Dola nzima 1 Januari 1876. Ng'ambo ya magharibi ya Rhine ulikuwepo tangu 1798, chini ya Wafaransa. Kwa mhamiaji aliyezaliwa baada ya tarehe hizo ni bora kuliko rejista ya kanisa, kwa sababu fomu zake zina mpangilio mmoja na hutaja dini na kazi ya wazazi. Vyeti vya kuzaliwa huwa wazi kwa umma baada ya miaka 110, vya ndoa baada ya 80 na vya kifo baada ya 30. Kabla ya hapo, mzao wa moja kwa moja anaweza kuomba akionyesha vyeti vya kuunganisha ukoo.

Mwandiko wenyewe wa nyaraka hizi, mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa zamani uitwao Kurrent, unahitaji kujifunza. Waliowahi kufungua mafaili ya enzi ya Wajerumani katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, wanaufahamu, na ujuzi huo unatumika hapa bila kubadilishwa chochote. Asiyekuwa na muda wa kujifunza anaweza kuiandikia hifadhi ya kanisa moja kwa moja, kwa Kijerumani kifupi, akitaja jina, tarehe, dhehebu na kijiji, kisha akalipa ada ya muda uliotumika. Kwa ukurasa mmoja au miwili njia hiyo ni nafuu kuliko kumwajiri mtafiti. Kwa kazi ya vizazi vinne au vitano, mtafiti anayeishi karibu na hifadhi ndiye nafuu.

Kwa njia yoyote itakayochaguliwa, ubatizo uliopatikana usikubaliwe kabla ya kupimwa. Katika kijiji kimoja watoto watatu wanaweza kubatizwa Johann Georg katika muda wa miaka miwili, na wote wakaitwa Georg nyumbani. Ilinganishe tarehe na ile ya rejista ya mazishi ya Marekani; angalia kama ndugu waliotajwa kwenye tanzia wamo miongoni mwa watoto wa wazazi hao; kisha soma rejista ya mazishi ya kijiji kwa miaka 15 inayofuata ubatizo, kwa sababu watoto wengi walikufa wadogo, na wazazi waliowapoteza walimpa mtoto aliyefuata jina lilelile.